Namna ya Kujikwamua Tasnifu Inapogoma

Maswali ni yale yale kila mwaka, na mengi huja usiku wa manane. "Nimesoma makala zaidi ya mia, data ninazo, ila nikifungua faili mkono haunyanyuki. Nifanyeje?" "Msimamizi anataka sura ya pili mwisho wa mwezi na nina kurasa mbili tu." Au lile fupi kuliko yote: "Hivi hali hii ni ya kawaida?"

Ni ya kawaida. Ilinikuta na mimi, tena vibaya, na nimewaona watu wenye akili kunishinda ikiwakuta. Kwa kuwa nimechoka kulijibu swali hili mmoja mmoja, nimeona heri niliandike mara moja.

Sitakuchosha na nadharia. Mwaka 1947 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Edmund Bergler, aliipa hali hii jina linalotumika hadi leo kwa Kiingereza, "writer's block", akaieleza kwa mambo ya utotoni. Wewe huna muda wa kurudi utotoni. Una sura ya kukabidhi. Shika neno moja tu kabla hatujaanza: "kukwama" ni jina moja la magonjwa kadhaa, na dawa ya huu haitibu ule. Wengi hukaa miezi wakijitibu ugonjwa wasio nao.

Andaa haya kwanza

- Daftari na kalamu. Ndiyo, hata kama unaandikia kwenye kompyuta.
- Karatasi moja yenye mada yako, malengo mahususi na maswali ya utafiti. Ichapishe au iandike kwa mkono, uiweke mahali macho yanapofika.
- Maoni ya mwisho ya msimamizi wako, hata yale uliyoogopa kuyafungua.
- Mafaili mawili. Moja ni la sura yenyewe, jingine liite "Jalala". Hilo la pili hakuna atakayelisoma isipokuwa wewe.
- Kipima muda. Cha simu kinafaa, ilimradi simu yenyewe umeizimia intaneti na kuilaza kifudifudi mbali na mkono.
- Nakala ya akiba ya kila ulichonacho, iliyohifadhiwa nje ya kompyuta yako. Hii haihusiani na kukwama, lakini nimeshasikia vilio vya kutosha.
- Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Usitafute siku nzima. Siku nzima ikipatikana utaitumia kupanga meza.

Kompyuta mpya huihitaji, wala ratiba ya rangi saba ukutani.

Hatua ya 1: Jua umekwama wapi

Chukua daftari. Andika "Siandiki kwa sababu..." kisha malizia sentensi. Anza mstari mpya, rudia. Fika mara kumi bila kuruka hata moja. Majibu matatu ya kwanza huwa ni ya heshima: muda, kelele, umeme, watoto. Kuanzia la sita hivi ndipo ukweli unapochungulia. La kwangu la nane lilisema: "kwa sababu sijaielewa nadharia niliyoichagua na ninaona haya kumwambia msimamizi." Miezi minne nilikuwa nikijiita mvivu, kumbe sikuwa na la kuandika.

Sasa soma orodha yako. Utaangukia katika moja ya makundi haya, au mawili kwa pamoja:

*Hujui unachotaka kusema.* Umesoma mengi yakachanganyika, au hoja haijaiva. Hatua ya 2 na ya 3 ndizo zako.

*Unajua, ila unaogopa.* Kila sentensi unaisikia ikisomwa na mtahini. Unaandika mstari, unaufuta. Nenda zaidi hatua ya 4.

*Unakosa kitu.* Kibali hakijatoka, jedwali halijakamilika, kitabu muhimu hujakipata. Hapa hujakwama, unasubiri. Kitafute hicho kitu leo, na wakati huo andika sehemu isiyokihitaji.

*Umechoka.* Umeandika hadi saa nane za usiku wiki tatu mfululizo. Dawa ni kulala, na sitanii. Pumzika siku mbili kamili bila kugusa faili, kisha urudi hapa.

Usiiruke hatua hii kwa sababu inaonekana nyepesi. Anayekosa hoja akiambiwa "andika tu chochote" atazidi kuchanganyikiwa, na aliyechoka akipewa ratiba kali ataugua.

Hatua ya 2: Iache sura, shika swali

Hakuna awezaye kukaa chini "kuandika Sura ya Pili". Sura ni mzigo wa kubebwa na watu kumi. Kinachoandikika ni jibu la swali moja. Kwa hiyo chukua kichwa cha sehemu uliyokwama na kivunjevunje kiwe maswali ambayo kila moja linajibika kwa aya moja au mbili.

Tuseme unatafiti kwa nini walimu wapya huacha kazi mapema, na umekwama kwenye sehemu iitwayo "Mapitio ya tafiti tangulizi kuhusu mazingira ya kazi". Kichwa hicho hakikuambii uandike nini. Jaribu hivi:

- Watafiti waliopita wanaposema "mazingira ya kazi" wanamaanisha nini? Wanakubaliana?
- Nani kati yao anasema mshahara ndiyo sababu kuu, na alimhoji nani?
- Nani anampinga, kwa ushahidi gani?
- Wote hawa wamemsahau nani? Mwalimu anayefundisha peke yake darasa la watoto mia?
- Mimi naingilia wapi?

Unaona? Swali la mwisho ndilo pengo la utafiti ulilokuwa ukilitafuta kwa tochi. Sehemu iliyokuogofya imekuwa maswali matano, yaani aya saba au nane. Andika kila swali kwenye mstari wake ndani ya faili la sura. Utalifuta baadaye, jibu lake likishakaa.

Swali likikushinda kujibu, usilitazame kwa macho makavu. Livunje tena. "Wanakubaliana?" linaweza kuwa "Mwandishi wa kwanza anasemaje?" na "Wa pili anatofautiana naye wapi?"

Kosa la kuliangalia hapa: kukimbilia kusoma zaidi. Kusoma ndiyo maficho mazuri kuliko yote, kwa sababu unaonekana unafanya kazi na hata wewe mwenyewe unaamini hivyo. Weka sharti: hakuna kupakua makala mpya mpaka uwe na swali mahususi unalotaka makala hiyo ijibu, nalo umeliandika.

Hatua ya 3: Sema kabla ya kuandika

Mtafute mtu asiye wa fani yako: ndugu, jirani, mwenzako wa chumba. Mwambie una dakika tano za kumweleza swali moja tu kati ya uliyoandika. Washa kinasa sauti cha simu. Ukikosa mtu, ongea na ukuta, hautakukatiza.

Sikiliza baadaye na uandike ulivyosema, kama ulivyosema. Utashangaa. Mtu aliyeshindwa kuandika "changamoto za kimfumo katika ubakizaji wa walimu" alipoulizwa na shangazi yake alisema: "Wanaondoka kwa sababu hakuna anayewapokea. Wanatupwa darasani siku ya kwanza na hakuna wa kumuuliza." Hiyo ndiyo hoja ya sura. Lugha ya kitaaluma utaivisha baadaye. Mwili kwanza, nguo baadaye.

Msikilizaji akiuliza "kwa hiyo?" na ukakosa jibu, usimkasirikie. Amekuonyesha shimo bure, kabla mtahini hajaliona.

Hatua ya 4: Andika vibaya kwa dakika 25

Fungua Jalala. Weka kipima muda dakika 25. Chagua swali moja. Andika jibu bila kusimama mpaka kilie, kisha simama, nyoosha mgongo kwa dakika 5. Rudia mara moja. Saa moja ya siku imetimia.

(Vipande hivi vya dakika 25 alivianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Namba yenyewe si takatifu. Kama dakika 15 ndizo unazoziweza, anza nazo.)

Masharti ya kipande hicho:

Hufuti. Ukikosea, endelea mbele. Ikibidi, zima skrini au punguza mwanga usione ulichoandika.

Hutafuti marejeleo. Ukifika mahali pa rejeleo, andika [NANI?] kwenye mabano. Takwimu uliyoisahau: [NGAPI?]. Neno lililokukimbia: [NENO]. Mabano hayo yanaokoa kazi, kwa sababu safari ya "nitafute tu mwaka wa makala hii" huishia dakika arobaini baadaye ukitazama video usiyoikumbuka uliifikiaje.

Ukiishiwa, andika kwamba umeishiwa. Hiki hapa kipande halisi cha aina hiyo, kama kinavyopaswa kuonekana:

"Hapa nataka kusema mshahara peke yake hautoshi kueleza. Tafiti nyingi [NANI?] zinauangalia mshahara kwa sababu ni rahisi kupimika. sijui niseme vipi. Walimu niliowahoji walitaja mshahara lakini walipoeleza siku waliyoamua kuondoka hakuna aliyeutaja, walitaja tukio. Tukio! kuzomewa mbele ya wanafunzi, kunyimwa ruhusa ya msiba. kwa hiyo labda kuna sababu ya kudumu na sababu ya siku. Hili nilisemee sura ya nne."

Ni uchafu, lakini ndani yake kuna lulu: "sababu ya kudumu na sababu ya siku". Mwandishi wake asingeipata kwa kusubiri sentensi nzuri ya kwanza.

Onyo zito: ndani ya Jalala, maneno ya mtu mwingine yatie alama za kunukuu papo hapo, pamoja na jina lake na ukurasa. Ukibandika aya ya mtu bila alama, baada ya wiki mbili utaisoma ukidhani ni yako, na wizi wa kitaaluma hauangalii nia.

Hatua ya 5: Anza pasipo na uchungu

Tasnifu husomwa kuanzia mwanzo. Hakuna sheria inayosema iandikwe hivyo. Utangulizi unaahidi kitakachofuata, utaahidije usichokijua? Uandike rasimu fupi ya kukuelekeza, kisha uurudie mwishoni. Ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu nzima, ndiyo ya mwisho kabisa.

Pa kuanzia ni sura ya mbinu za utafiti. Haikudai uwe na maoni, inakudai ueleze ulichofanya: ulimhoji nani, wangapi, uliwapataje, uliwauliza nini, kwa nini njia hiyo na si nyingine. Kumbuka tu kubadilisha nyakati. Pendekezo lako la utafiti lilisema "mtafiti atakusanya", sasa ni "mtafiti alikusanya". Kazi ya kubadilisha nyakati peke yake inaweza kukupa kurasa tano za kuanzia na kukurudishia mkono.

Halafu nenda kwenye matokeo. Weka jedwali moja au dondoo moja la mahojiano mbele yako na uandike sentensi nne: linaonyesha nini, nini ndani yake kinashangaza, linahusianaje na lengo lipi, lina udhaifu gani. Aya imepatikana. Nenda jedwali linalofuata.

Hatua ya 6: Simama ukiwa bado na la kusema

Mwandishi wa hadithi Ernest Hemingway alikuwa akiacha kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianze na kisima kikavu. Ushauri huu unafanya kazi kwenye tasnifu kuliko hata kwenye hadithi. Kabla hujafunga faili, andika mistari miwili kwa herufi kubwa: NIMEISHIA WAPI, na KESHO NAANZA NA SWALI LIPI. Acha hata sentensi nusu. Kesho yake mkono utaimalizia kabla woga haujaamka.

Hatua ya 7: Hariri siku nyingine

Mwandishi na mhariri hawakai meza moja. Mpe mhariri siku yake, labda moja kati ya tano. Siku hiyo chambua Jalala: kinachofaa kihamishie kwenye faili la sura, kijaze mabano, kivishe lugha ya kitaaluma.

Aya zikiwa nyingi lakini sura haisomeki, fanya hivi: pembeni mwa kila aya andika maneno matano au sita yanayosema aya hiyo inafanya nini. Kisha soma hayo ya pembeni tu, kuanzia juu hadi chini. Aya mbili zinazofanya kazi moja utaziona. Aya isiyo na kazi utaiona pia, na mara nyingi ni ile unayoipenda. Iondoe, ila usiifute, irudishe Jalala. Kuitupa inauma, kuihamisha haiumi.

Hatua ya 8: Mpelekee msimamizi kidogo, mapema

Wengi humkimbia msimamizi mpaka wawe na sura kamili, na kadiri wanavyochelewa ndivyo sura inavyotakiwa iwe nzuri zaidi ili kufidia kuchelewa. Kitanzi hicho kikate kwa kurasa tano. Baruapepe yenyewe iwe fupi:

"Shikamoo Profesa. Natumaini u mzima. Nimeambatisha kurasa tano za sehemu ya 2.3. Ni rasimu ya awali, lugha bado sijaisafisha. Naomba mwongozo wako kwa jambo moja: je, utofautishaji wa sababu za kudumu na sababu za siku unatosha kubeba sura ya nne? Wako mtiifu."

Badilisha salamu kulingana na mlivyozoeana. Muhimu ni lile swali moja. Ukituma "naomba maoni" utarudishiwa masahihisho ya nukta na mkato. Ukiuliza swali, utajibiwa swali.

Ukikwama tena

*"Dakika 25 zimeisha na nimeandika mistari miwili."* Swali ni kubwa mno. Rudi hatua ya 2. Kama ni swali dogo na bado, nakili kwa mkono aya yako ya mwisho iliyo nzuri, neno kwa neno, kisha uendelee bila kusimama.

*"Nimegundua kuna mtu ameshaandika mada yangu."* Karibu kila mtu hulipitia hili. Isome kazi yake ukiwa na kalamu na uorodheshe tofauti: eneo, walengwa, mbinu, kipindi, nadharia. Mara nyingi umepata mtu wa kubishana naye, na mapitio yako yalimhitaji. Ikiwa kweli mmefanana kila kitu, mwone msimamizi wiki hii hii.

*"Matokeo yanapinga nadharia tete yangu."* Hujafeli. Ripoti kilichopatikana, jadili kwa nini huenda kimekuwa hivyo. Usithubutu kuzilazimisha data. Na usikae nazo kimya ukisubiri zibadilike.

*"Maoni ya msimamizi yamenivunja moyo."* Yafunge kwa siku moja. Kisha yaandike upya kwenye jedwali la safu tatu: amesema nini, natakiwa kufanya nini, nimefanya. Ukiyaandika kwa mkono wako mwenyewe ukali hupungua, na utagundua maoni arobaini ni kazi tisa zilizorudiwa.

*"Msimamizi hajibu."* Mkumbushe kwa adabu baada ya wiki mbili, ukitaja tarehe uliyotuma. Ikizidi hapo, fuata utaratibu wa idara yako kwa maandishi. Wakati wote huo endelea na sehemu nyingine. Ukimya wake usiwe kisingizio chako.

*"Programu ya akili mnemba iniandikie, nitarekebisha?"* Soma kwanza kanuni za chuo chako, maana zinatofautiana. Hata zikiruhusu, fahamu kwamba programu hizi hubuni marejeleo ya vitabu visivyokuwepo, na siku ya kuitetea tasnifu utaulizwa wewe. Nimeona inasaidia zaidi ukiigeuza: ipe hoja yako na uiambie ikuulize maswali magumu. Kisha ujibu wewe.

*"Sielewi nitumie istilahi gani."* Andika unayoijua, hata ya lugha nyingine, ndani ya mabano. Tengeneza orodha ya istilahi zako mwisho wa Jalala na uziamue zote siku moja. Ukiamua neno moja, lishike mpaka mwisho wa tasnifu.

*"Silali, sili, na nikiona kompyuta moyo unaenda mbio."* Hapa mwongozo wangu umefika ukomo. Mwone daktari au mshauri nasaha wa chuo, na uulize kuhusu kuahirisha masomo kwa muda. Si aibu, na vyuo vingi vina utaratibu wake.

*"Nina mwaka mzima sijaigusa."* Usiisome yote, utazama. Siku ya kwanza fungua faili, soma ukurasa wa mwisho peke yake, funga. Siku ya pili soma malengo yako na uandike mistari kumi ya "Siandiki kwa sababu...". Siku ya tatu mwandikie msimamizi sentensi tatu: nipo, nilipotelea wapi kwa kifupi, nitaleta kurasa tano tarehe fulani. Usieleze sana wala usijitetee. Siku ya nne weka kipima muda.